Jembe la Baba Liko Nyuma ya Pazia

Mwanjelwa, Mbeya,
mvua zikiwa zimeanza.

Kwako dada Paskalina,

Tumsifu Yesu Kristo, na kamwene kwa wote wa hapo nyumbani. Mguu wa mama unaendeleaje? Bado anauburuza akitoka jikoni, au ile dawa ya kuchua imemsaidia kidogo? Na wewe mwenyewe mgongo umepoa? Wapwa zangu wanasoma au wanacheza tu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula vizuri, viazi huku vimejaa mpaka mtu anachoka kuviona. Baridi nayo imekolea, hivyo nashinda na lile koti la kijani la baba mpaka kazini, na wenzangu wameanza kunipa shikamoo kwa utani. Ni moyo tu ambao haujatulia, na sababu yake unaijua kuliko mtu yeyote.

Najua ukiona mwandiko wangu utataka kuitia barua hii mafigani. Nakuomba uisome kwanza mpaka mwisho, halafu ukitaka kuitia, itie. Kuni hazijaisha hapo Idodi lakini najua hasira inaweza kukufanya uone karatasi ni kuni.

Nimeandika kwa kuwa simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ningekuwa mimi nisingepokea. Kwenye simu nimekwambia "nakuja wiki ijayo" mpaka maneno yenyewe yameisha ladha. Ujumbe wa simu ni rahisi mno, mtu anauandika akiwa amejilaza, na kabla hajageukia upande wa pili ameshausahau. Barua inakulazimisha ukae, utafute kalamu inayoandika, uyaangalie maneno yako yakikauka. Hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena. Nilikuwa naichana kila nikifika mahali pa kutaja jembe.

Basi nilitaje sasa. Unayajua yote haya, lakini vumilia niyaandike, maana nimegundua nikiyazunguka tu sitafika popote.

Siku ya kumaliza matanga ya baba, ukoo ulipokaa pale uani, baba mdogo Kolumbani alinikabidhi jembe la baba mbele ya watu. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sinia mkononi. Akasema kwetu shamba halianzwi na yeyote tu. Anayeshika jembe hilo ndiye anayechimba mashimo ya mstari wa kwanza mvua zikishanyesha, ndipo wengine waingie na majembe yao. Babu alifanya hivyo, baba akafanya hivyo, na sasa ni mimi, mtoto wa kiume pekee. Nililipokea kwa mikono miwili. Nilijisikia mkubwa siku ile, dada. Sikuwaza hata kidogo kwamba nimepewa kitu ambacho mimi nikikaa, nyumba nzima inakaa.

Mwaka wa kwanza nilikuja. Mstari wangu ulipinda, unakumbuka, mpaka baba mdogo akauliza kama nimechimba mashimo au nimefuata njia ya mbuzi. Mama alipiga vigelegele hivyo hivyo. Wewe ukapita nyuma yangu ukinyoosha, na mahindi yakatoka vizuri.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshapata kazi hii ya Mbeya. Mvua zikanyesha, mama akapiga simu, nikamwambia wiki ijayo. Wiki ile ikapata sababu zake, na iliyofuata ikapata zake. Mama akasubiri. Nilipofika kuchimba huo mstari, mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini. Wenzetu walipovuna, shamba letu likabaki bichi peke yake eneo lote, na tembo wa hifadhini hawakuwa na pa kwenda pengine. Mama akawa analala kwenye dungu, akipiga debe kuwafukuza, mtu wa umri ule. Siku aliyoshuka kwa haraka ngazi ikakatika. Tembo wakala mahindi, na mama akaumia mguu ambao mpaka leo anaukokota.

Nilipopiga simu, yeye mwenyewe aliniambia, "Ni tembo tu, baba. Tembo nao wana njaa." Na mimi nikaikubali sababu hiyo upesi, nikaona afadhali. Ni wewe uliyeichukua simu ukasema, "Sio tembo, Festo. Ni wewe." Nilikasirika, nikakaa muda mrefu bila kukutafuta. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli.

Kisha nikafanya ujinga mkubwa kuliko wote. Nilipokuja kumwona mama na mguu wake, nikaona mpini wa jembe umelegea. Nikasema nalichukua, Mwanjelwa kuna mafundi, watanitilia mpini wa mti mgumu. Mama akashangaa, akaniuliza, "Mipini si iko hapa hapa porini?" Nikamjibu ya huku ni mizuri zaidi. Nilitaka tu nionekane ninafanya jambo. Nikalipakia kwenye basi, na tangu siku hiyo halijaonana na fundi yeyote.

Sasa mvua zimeanza tena, jembe liko kwangu, na mama hapandi. Mara ya mwisho tulipozungumza ulisema mvua ya pili ikipita kabla shamba halijaguswa, utamhamishia mama kwako, na shamba la baba lirudi kuwa pori. Ulisema hivyo ukiwa unalia, ukakata simu. Mama akiondolewa pale atakuwa mgeni mpaka afe, hata kama ni kwa binti yake mwenyewe. Unalijua hilo na ndiyo maana ulilia. Na aliyetufikisha hapo ni mimi.

Nataka nikueleze kidogo habari za kazi yangu, si kwa kujitetea. Mama huniuliza kila mara nafanya kazi gani hasa. Siku moja nilimwambia tunatengeneza vifaa vya kwenye simu vya kumsaidia mtu aanze kazi anayoiahirisha. Akafikiri, akasema, "Kwani si anaamka tu, anaanza?" Nikacheka. Wewe hukucheka. Nilikusikia pembeni yake ukisema, "Huyo ndiye anafundisha watu kuanza?" Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo.

Ofisi yetu iko ghorofani juu ya duka la vitenge. Mkubwa wetu ni Bi Rukia, ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani kuja kuuza nguo huku, na haukurudi tena. Mwenzangu wa karibu ni Sekela, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwepesi wa kusema lililo moyoni. Mtu wa kwanza tuliyemjaribia kifaa chetu alikuwa fundi Idrisa, anayeshona hapo chini barazani. Ana mifuko ya vitambaa vya watu imejaa mpaka chini ya cherehani, na wateja kila siku wanamgombeza. Tukamwekea kengele kwenye simu, ikawa inalia asubuhi na kusema, "Anza sasa." Haikupita wiki akawa ameizima.

Nilipomuuliza akasema, "Hiyo kengele inanigombeza. Wa kunigombeza ninao tayari, wanakuja hapa na miguu yao."

"Sasa kinachokushinda ni nini, fundi? Kushona unajua."

"Kushona siogopi," akasema. "Naogopa mkasi. Kitenge cha mtu nikishakikata, hakirudi."

Tukabadilisha. Kifaa kikawa kinamwambia atoe kitambaa kimoja kwenye mfuko, akitandike mezani, halafu aende akanywe chai. Basi, hayo tu. Akirudi kutoka kwenye chai anakuta kitambaa kinamtazama, na mkono unaifuata chaki wenyewe. Ile mifuko ikaanza kupungua. Tulifurahi mno, tukajiona tumegundua dawa. Nikaandika kwa maneno yangu kwamba asiyeanza mara nyingi si mvivu, ana kitu anakiogopa. Na kwamba aliyechelewa huona aibu, na ile aibu humchelewesha zaidi, mpaka kazi ya asubuhi moja inakuwa kubwa kuliko yeye. Bi Rukia akayapenda maneno hayo, akayabandika ukutani. Nikawa nayasoma kila siku nikivua koti la baba, na kila siku nikaona kwamba ni mimi ninayeelezwa pale, nikageuza uso dirishani.

Baadaye tukaenda Ubaruku kwa wakulima wa mpunga. Huko nako kifaa kiliwaambia jambo dogo la kuanzia: leo loweka mbegu tu. Mama mmoja wa Kisangu, Mama Tabu, akaloweka. Tuliporudi kumtembelea akatuchukua moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba, akatuonyesha ndoo. Mbegu zilikuwa zimechipua, zimeoza, na harufu yake sikuelezi.

"Mmeniambia niloweke, nimeloweka," akasema kwa hasira. "Sasa hiyo mbegu nipeleke wapi? Shemeji yangu mkubwa hajafungua maji. Yeye asipofungua, huku chini kwetu hakuna anayeanza. Nyie mlikuja na simu zenu, hamkuuliza."

Tulimwomba radhi. Njiani kurudi Sekela akasema, "Tumekuwa tunamsukuma mtu ambaye mlango wake umeshikwa na mwingine." Tukaongeza maswali kwenye kifaa: kuna mtu unayemsubiri, au anayekusubiri? Mkulima akitaja jina, ofisi inampigia huyo anayesubiriwa, na yule anayesubiri anaachwa apumzike. Kazi ya kupiga simu hizo nikapewa mimi, kwa sababu ati nina sauti ya upole.

Basi dada, nikawa nashinda nikipigia kaka wakubwa, baba wadogo na wasimamizi wa mifereji. Shikamoo mzee, samahani kwa usumbufu, kuna watu wanakusubiri uanze. Wengine walinitukana, lakini wengi walikuwa hawajui kabisa kwamba kuna watu wamekaa kwa ajili yao, na wakafungua maji siku ile ile. Kila nikimaliza simu nilijua kuna mtu mmoja anayesubiriwa ambaye hakuna atakayempigia, kwa kuwa kazi ya kupiga amepewa yeye.

Kabla hatujakisambaza kifaa, Sekela akataka kila mmoja wetu akijaribu kwa jambo lake mwenyewe. Bi Rukia akaandika kwenda kwa daktari wa meno. Sekela akaandika kupatana na mjomba wake. Mimi nikaandika "kununua pazia." Kifaa kikaniuliza kama kuna mtu anayenisubiri, nikajibu hakuna. Nimekidanganya kifaa nilichokitengeneza kwa mikono yangu! Kesho yake kikaniambia nipime dirisha tu. Nikapima. Kikaniambia niende dukani nikatazame rangi tu, nisinunue. Nikatazama, na siku ya pili yake nikanunua. Kinafanya kazi vizuri, sina la kukilaumu. Pazia ninalo, la maua makubwa mekundu, hata paroko hana la namna hiyo. Kwa kuwa ni refu, lilipotundikwa likaifunika na kona niliyoliegemeza jembe. Sikuwa nimekusudia hivyo. Ila sikulisogeza.

Ndipo shemeji Alfonsi akaja Mbeya kutafuta kifaa cha mashine ya kusaga. Najua hajakusimulia yaliyotokea kwangu, maana shemeji si mtu wa maneno. Nilimchemshia chai na viazi, tukala. Dirisha lilikuwa wazi, mvua ikaleta upepo, na pazia likainuka. Akaliona jembe, na mimi nikamwona akiliona. Chini ya mpini kulikuwa na unga mweupe umerundikana sakafuni, kazi ya bungua waliokuwa wanautafuna muda wote huo. Nikatazama kikombe changu.

Angekuwa mtu mwingine angeliinua, angelitia begani na kuondoka nalo, jambo likaisha. Lakini mkwe hashiki jembe la baba mkwe wake, hilo sisi tumelelewa nalo. Hata baba alipokuwa hai, shemeji akija kutusaidia kulima alikuja na la kwake, na akilikuta la baba limelazwa njiani alilizunguka. Akaweka kikombe chini.

"Mbegu bado ziko juu ya jiko," akasema. "Mama anazigeuza kila asubuhi zisiingie wadudu."

Nikasema, "Ndiyo."

"Haya, shemeji. Mvua ndiyo hiyo."

Nikamsindikiza. Njia nzima nilikuwa na maneno mdomoni: ngoja nilifunge kwenye kitambaa, hutalishika, utabeba mzigo tu kama mizigo mingine. Maneno mepesi kabisa. Hayakutoka. Nilikuwa naona aibu kukiri kwamba tumeliona wote. Basi lake likaondoka, nikabaki stendi na mikono mifukoni mwa koti la baba.

Niliporudi chumbani nililitoa jembe pale kwenye kona, na mpini ukavunjika mkononi kama muhogo mkavu. Ulikuwa ule ule wa baba, uliong'aa mahali alipokuwa akiushika. Kwa nje bado uling'aa, ndani ulikuwa umebaki unga. Nilikaa chini nikalia, dada, nakwambia bila kuficha. Nililia kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya mama anayegeuza mbegu kila asubuhi, na kwa kujionea haya.

Nilipotulia nikafanya lile tunalowaambia watu, jambo moja dogo. Nikampigia baba mdogo Kolumbani. Nilijiambia sitaahidi chochote, nitauliza tu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Upo njiani?"

"Hapana, baba. Nauliza. Dada Paskalina anaweza kushika jembe la baba?"

Akasema, "Wewe Festo, wewe! Kwani unadhani sisi tulikuwa hatumwoni Paskalina? Huyo ndiye alikuwa analima na baba yako miaka yote, wewe uko shule. Mstari anaujua kuliko hata mimi."

"Sasa mbona mlinipa mimi?"

"Tulikaa, na mama yako alikuwepo. Tukasema huyu kijana ataondoka, na akiondoka ndiyo basi. Lakini tukimpa hilo jembe, atarudi kila mwaka, apende asipende. Ndiyo hivyo."

Kumbe na wao walitengeneza kifaa. Ukoo mzima ulikaa uani ukafikiria namna ya kumfanya mtu mmoja aanze safari ya kurudi kwao, ukaona jembe litatosha. Halikutosha, na chakula cha mama kilikuwa kimefungwa humo.

Sasa naelewa kwa nini mama hakubali mtu mwingine aanze, hata alipoumia, hata ulipomlilia. Nilidhani ni mila, na wewe nadhani umedhani ni ukaidi. Anaogopa. Anaogopa kwamba siku shamba likianza bila mimi, sitakuwa tena na sababu ya kuja. Kila asubuhi anapozigeuza zile mbegu anailinda hiyo sababu. Na mimi huku, nitakuambia ubaya wangu wote, nilipokuwa nasikia kwamba anasubiri, moyoni nilikuwa napata raha kidogo. Nilijua bado naitwa. Nilikuwa nakula kusubiri kwake kama vile tembo walivyokula mahindi yake.

Nikamuuliza baba mdogo kama anaruhusu. Akasema, "Mimi nilikuwa nangoja uulize. Aliyepewa ndiye anatoa. Sisi hatuwezi kukunyang'anya mbele ya mama yako." Yaani naye alikuwa kwenye foleni ile ile, ananisubiri.

Basi natoa. Jembe la baba ni lako, dada Paskalina, na mstari wa kwanza ni wako, mwaka huu na miaka yote. Baba mdogo atakuja kusimama hapo shambani ili asitokee wa kuuliza maswali. Nimelifunga kwenye lile pazia la maua, maana sikuwa na kitambaa kingine kikubwa, na pia nilitaka liondoke dirishani kwangu. Mama akilipenda alishone shuka. Mpini sijatia mwingine. Ningesema ngoja nitafute fundi, na tunajua hadithi hiyo inakoishia. Chonga unaofaa mkono wako. Barua hii inatangulia kwa basi la asubuhi la Iringa, na mzigo nampa kondakta wa basi linalofuata; mwambie shemeji aende akaupokee bila wasiwasi. Limefungwa vizuri, ni mzigo tu, hatalishika.

Utasema nimekutupia kazi yangu tena. Useme, una haki. Umekuwa ukinyoosha mistari yangu tangu zamani, na hakuna aliyekupa hata jina kwa ajili hiyo. Naomba unisamehe, na kama bado huwezi, naomba usimnyime mama shamba lake kwa sababu ya hasira uliyo nayo kwangu. Nimeomba ruhusa kwa Bi Rukia na amenikubalia. Siku ya kuja sikutajii, maana siku zangu umeshazisikia. Nikifika nikakuta mashimo, nitafukia. Nikikuta yameota, nitapalilia. Nikikuta ni wakati wa tembo, dungu ni langu, na mama alale ndani.

Na mama umwambie hivi, taratibu, ukiwa umekaa naye: nitakuja hata shamba likiwa limeanza. Mwambie nataka nije siku moja kwa sababu yeye yupo, isiwe kwa sababu ya jembe. Najua hataamini. Mwambie tu.

Leo kabla sijaanza kuandika nilikifungua kifaa chetu, nikafuta habari ya pazia. Kikaniuliza kama kuna mtu anayenisubiri. Nikaandika, mama. Kikauliza jambo dogo la kuanzia ni lipi. Nikaandika, kumwachisha kusubiri.

Nisalimie baba mdogo Kolumbani na umwambie mstari wa mwaka huu hatapata cha kuutania. Nisalimie shemeji, mwambie nashukuru kwa kuja na kwa kunyamaza kwake. Wapwa zangu waambie mjomba anawapenda. Mama mshike mkono kwa ajili yangu, ule wenye kovu la sufuria.

Kama mvua itanyesha kabla mzigo haujafika, tumieni jembe lolote lililopo. Msinisubiri.

Mdogo wako,
Festo